Deraya ya pete: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Deraya ya pete ni kitu gani hasa?

Ni nguo iliyofumwa kwa pete ndogo za chuma. Kila pete imepita ndani ya nyingine nne, mbili za safu ya juu na mbili za safu ya chini. Haina uzi wala ngozi wala bamba. Ukiishika inamwagika kati ya vidole, na ukiitupa mezani inalala kama shuka lililolowa maji. Wafaransa waliiita maille, neno lililotoka kwenye Kilatini macula, yaani jicho la wavu. Mvuvi akiitazama hahitaji kuelezwa zaidi.

Mbona wengine husema dirii au darii?

Yote ni neno moja la Kiarabu, dir', lililoingia Kiswahili kwa njia mbalimbali. Wasomaji wa Biblia wanalijua kama dirii au darii, na wasikilizaji wa tendi za vita wanalijua kama deraya. Siku hizi ukisema "gari la deraya" watu wanaelewa gari la vita lenye mabamba, ndiyo maana hapa tunaongeza "ya pete".

Angalizo moja: vazi la Goliathi katika 1 Samweli 17 halikuwa la pete. Kiebrania chake kinataja magamba, kama ya samaki, yaani vibamba vya shaba vilivyopangwa kwa kupandana. Hizo ni deraya za ukoo mwingine kabisa.

Nani aliigundua?

Ushahidi wa kale zaidi ulio wazi unatoka kwa Waselti wa Ulaya. Kaburi la Ciumești, Romania, la karne ya 3 kabla ya Kristo, lilikuwa na mabaki ya deraya ya pete pamoja na kofia ya chuma yenye sanamu ya ndege juu yake. Warumi wenyewe walikiri kuwa si ufundi wao: mwandishi wao Varro alisema wazi kuwa ilitoka kwa Wagali, yaani Waselti wa Ufaransa ya leo. Waliichukua, wakaiita lorica hamata, wakaivaa kwa karne nyingi. Polybius, mwandishi Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, anaeleza kuwa askari wa Kirumi wenye mali ya zaidi ya drakma 10,000 walivaa deraya ya pete, na wasio nazo walijifunga kibamba cha shaba kifuani.

Kutoka hapo ilienea kila upande: Uajemi, Bara Arabu, India, Asia ya Kati, hadi Japani. Huko Syria, chini ya mnara wa 19 wa ukuta wa mji wa kale wa Dura-Europos, wachimbaji walikuta askari aliyekufa ndani ya handaki la vita mwaka 256 hivi, deraya yake bado iko mwilini.

Ilikuwa na bei gani?

Ghali. Sheria za Wafranki wa Ripuari, kabila la kale la Kijerumani, zinaipa deraya thamani ya solidi 12 (sarafu za dhahabu), upanga na ala yake solidi 7, na ng'ombe dume mzima solidi 2. Kwa hesabu hiyo mtu aliyevaa deraya alikuwa amevaa ng'ombe sita. Mwaka 805 Charlemagne, mtawala wa Wafranki, aliamuru kila mwenye mashamba 12 aje vitani na deraya, na wafanyabiashara wakakatazwa kuwauzia silaha na deraya Waslavi na Waavari.

Gharama ilikuwa kwenye kazi kuliko kwenye chuma. Waya ulipatikana kwa kuvuta chuma kupitia matundu ya bamba gumu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, na baada ya mivuto michache chuma kinakakamaa, kinabidi kirudi motoni kulainishwa. Ndipo pete zikatwe, zitobolewe na kufungwa moja moja. Miji kama Nuremberg na Iserlohn huko Ujerumani ilijulikana kwa kazi hii, na baadhi ya mafundi waliacha pete moja ya shaba nyeupe au njano yenye jina lao kati ya maelfu ya pete za chuma.

Pete zilifungwaje? Si zilikunjwa tu?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo picha nyingi za mtandaoni hukosea. Pete iliyokunjwa tu, ncha zake zikagusana, hufunguka ikivutwa kwa nguvu. Deraya za vita za Ulaya, za Waarabu, Waturuki na Waajemi karibu zote zilipigwa ribiti: ncha mbili zinapandana, zinapondwa bapa, zinatobolewa, kisha kipande kidogo cha chuma kinapitishwa kwenye tundu na kupondwa pande zote mbili. Za Kirumi mara nyingi zilipishanisha safu: moja ya pete nzima zilizokatwa kwenye bamba bila kiungo, inayofuata ya pete za ribiti. Kuanzia karne ya 14 Ulaya ilielekea kwenye ribiti tupu. Wajapani ndio waliotumia pete za kukunjwa kwa wingi, lakini deraya yao ilikuwa ya kuunganisha mabamba na kushonewa juu ya kitambaa zaidi kuliko shati zima.

Ukubwa wa ribiti ulikuwa suala la uhai. Sura Sabaa ya Kurani, aya ya 11, inapozungumzia nguo za chuma za Nabii Daud, inamwagiza apime sawasawa katika kuunganisha. Mujahid, mfasiri wa kale, alieleza: msumari usiwe mwembamba ukacheza ndani ya pete, wala usiwe mnene ukaipasua. Fundi yeyote anayepiga ribiti leo atakuambia hivyo hivyo, na ataongeza kuwa tundu lisikaribie ukingo.

Ilikuwa na uzito gani?

Shati la mikono mirefu linalofika magotini huwa kati ya kilo 9 na 14, kutegemea unene wa waya na mwili wa mvaaji. Fupi la mikono mifupi linaweza kuwa kilo 6 au 7. Tatizo si uzito wenyewe bali mahali unapokaa, maana wote hukalia mabega. Dawa yake ni mkanda. Vaa deraya, funga mkanda kiunoni kwa nguvu, kisha vuta shati juu kidogo lining'inie juu ya mkanda, na karibu nusu ya mzigo itahamia kwenye nyonga. Anayeruka hatua hii huwa wa kwanza kulalamika kuwa deraya haivaliki.

Je, upanga ulikata deraya?

Kwa kawaida, hapana. Ukingo unaokata hukutana na pete nyingi kwa pamoja, na pigo hutawanyika. Filamu zinazoonyesha upanga ukipasua deraya kama karatasi zinatia chumvi.

Pigo lenyewe, hata hivyo, halipotei. Deraya ni nguo, inakunjika, kwa hiyo rungu au shoka huvunja mfupa ulio chini yake bila kukata hata pete moja. Na ncha nyembamba ni hatari nyingine: mkuki, sime yenye ncha kali au mshale wenye kichwa kama sindano huingia ndani ya pete moja na kuisukuma hadi ribiti ikatike. Pete ya milimita 6 humpa adui nafasi ndogo kuliko ya milimita 10, lakini shati lile lile litataka pete nyingi zaidi na miezi mingi zaidi.

Chini yake walivaa nini?

Nguo nene ya kitani au pamba, ya tabaka nyingi au iliyoshindiliwa pamba na kushonwa kwa mistari. Bila hiyo deraya ni nusu ya kazi. Chuma huzuia makali, nguo hula kishindo. Bahaud-Din, mwandishi aliyekuwa pamoja na sultani Salahud-Din katika kampeni ya Arsuf mwaka 1191, aliandika kuwa aliona askari wa miguu wa Wafranki (ndivyo walivyoitwa Wazungu wa vita vya msalaba) wakiendelea kutembea huku mishale hadi kumi imewachoma migongoni. Ilikuwa imenasa kwenye deraya na nguo nene, haikufika kwenye nyama. Usama ibn Munqidh, mpiganaji wa Syria wa karne ya 12, alikuwa na koti liitwalo kazaghand, lenye deraya mbili zilizofichwa ndani ya kitambaa, moja ya Kifranki ndefu na nyingine ya kufika kiunoni, pamoja na hariri ghafi, sufu iliyoshindiliwa na manyoya ya sungura. Kwa maoni yetu hilo ndilo vazi lililofikiriwa vizuri kuliko yote ya zama hizo.

Katika historia ya Uislamu deraya inatajwa wapi?

Mahali pengi. Mapokezi yanasema Mtume Muhammad (S.A.W.) alivaa deraya mbili siku ya Uhud, na kwamba alipofariki deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja kwa pishi thelathini za shayiri. Hilo la rehani linaonyesha pia thamani ya kitu chenyewe. Baadaye Wamamluki wa Misri, Waturuki wa Kiosmani na Waajemi waliunganisha pete na mabamba: bamba kifuani, mgongoni na mbavuni, pete zikijaza katikati ili mtu ageuke juu ya farasi. Nyingine zina pete zilizopigwa chapa ya maneno ya dini, herufi ndogo juu ya pete isiyozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Na Afrika?

Wapanda farasi wa Kanem-Bornu walivaa deraya za pete pamoja na nguo nene za kushindiliwa, na farasi wao nao walivikwa nguo za kushindiliwa. Huko Sudan ilidumu hadi mwisho kabisa wa karne ya 19. Baadhi ya maamiri wa wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri, walikuwa nazo, na jeshi lao lilishindwa Omdurman tarehe 2 Septemba 1898 mbele ya bunduki za rashasha.

Basi haizuii risasi?

Haizuii. Zaidi ya hapo, risasi huvunja pete na kuingiza vipande vyake kwenye jeraha. Asikuuzie mtu kwa kazi hiyo.

Kwa nini iliachwa?

Haikuachwa kwa mara moja. Kuanzia karne ya 13 mikuki ya wapanda farasi na upinde wa mtambo ilizidi nguvu, watu wakaanza kuongeza mabamba juu ya pete: magotini kwanza, kisha miguuni, kifuani. Kufikia karne ya 15 bamba lilifunika karibu mwili wote wa tajiri, na pete zikabaki pale ambapo bamba haliwezi kukunjika, yaani kwapani, kinenani, nyuma ya goti na shingoni. Makaburi ya Visby, Gotland, ya vita vya mwaka 1361 yanaonyesha kipindi cha kati vizuri mno: miili ilizikwa na kofia zake za pete bado zimefunika mafuvu. Hata katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa vifaru wa Kiingereza walipewa kinyago chenye pazia la pete mdomoni, kwa sababu vipande vya chuma vilikuwa vikiruka ndani ya kifaru kilipopigwa risasi.

Nataka kufuma mwenyewe. Ninunue nini?

Kwa deraya ya maonyesho au igizo, anza na pete za kukunjwa. Waya wa zinki wa milimita 1.6, ule wa fensi, unafaa. Waya mweusi wa kufungia nondo usiununue: ni laini, pete zitafunguka zenyewe kwa uzito wa nguo. Tafuta fito ya chuma laini ya duara ya milimita 8, ndefu kama mkono. Nondo yenye mabonde haifai, koili itanasa. Kisha plaizi mbili zenye mdomo usio na meno makali, na mkasi wa kukatia chuma.

Kipimo kinachoamua kila kitu ni upana wa ndani wa pete ukigawanywa kwa unene wa waya. Milimita 8 kwa 1.6 ni 5. Kati ya 4 na 5 nguo inakaa vizuri. Chini ya 3 pete hazipitani, na juu ya 6 unapata wavu wa samaki unaopitisha kidole.

Hesabu ya waya: pete moja ya kipimo hiki hula kama sentimita 3 za waya na ina uzito wa karibu nusu gramu. Shati la mikono mifupi linalofika mapajani linataka pete 15,000 hadi 20,000. Kwa 20,000 ni mita 600 za waya, kilo 9 na nusu, na nunua kilo 11 kwa ajili ya zitakazoharibika. Ukitumia sekunde 20 kwa kila pete ni saa 111 za mikono tu, bila kukata.

Kufuma kunakwendaje hatua kwa hatua?

Zungushia waya kwenye fito, mizunguko igusane bila kupandana. Koili ya sentimita 40 inatoa pete 250. Itoe, ikate kwa mstari mmoja. Mkasi utaacha ncha zilizobanwa kama mdomo wa kasuku, na msumeno mwembamba utaacha ncha bapa zinazokutana vizuri zaidi, ila ni polepole.

Nusu ya pete zifunge kabisa, nusu ziache wazi kidogo. Kufungua na kufunga ni kwa kusokota: plaizi moja inasukuma mbele, nyingine inavuta nyuma. Ukizitanua kando kwa kando zinapoteza duara na hazirudi.

Chukua pete moja wazi, ipitishe ndani ya nne zilizofungwa, ifunge. Ilaze mezani, tandaza mbili juu na mbili chini. Sasa pete nyingine wazi ichukue zile mbili za chini pamoja na mbili mpya zilizofungwa. Rudia hadi upate mnyororo wa urefu unaotaka. Tengeneza mnyororo wa pili, ulaze sambamba na wa kwanza, na uwaunganishe kwa safu mpya: kila pete ya kiungo ipite kwenye mbili za ukingo wa huku na mbili za ukingo wa kule.

Angalia jinsi pete zinavyolala. Katika safu moja zote huinamia upande mmoja, na safu inayofuata huinamia upande wa pili. Ukiona moja imesimama wima kama jino, imepita kwenye tatu au tano. Ifungue hapo hapo, kwa sababu ukiendelea safu kumi utalazimika kubomoa zote.

Deraya yangu inabana kwapani na kuvuta shati lote ninapoinua mkono. Nilikosea wapi?

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Umetengeneza mikono kama mabomba na kuibandika pembeni. Kwapani panahitaji kipande cha ziada chenye umbo la almasi, kilichounganishwa kwa pembe ya digrii 45, ili nguo ifunguke mkono unapopanda. Kagua pia uelekeo wa safu. Shika kipande mkononi kwa njia moja, kisha kigeuze robo: kwa upande mmoja kinajikusanya na kubana, kwa upande mwingine kinabaki wazi. Safu za shati zipite mlalo kuzunguka kifua, ndipo nguo itanuke ukivuta pumzi na ijikusanye ikining'inia. Kwa mpanda farasi acha mpasuko mbele na nyuma kutoka kinenani kwenda chini.

Nikitaka ribiti za kweli?

Tumia waya wa chuma usio na zinki kabisa. Kuchoma zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua, na jambo hili halina mjadala. Kata pete zenye ncha zinazopandana milimita 3 au 4. Zipashe kwenye jiko la mkaa hadi ziwe nyekundu, zifukie kwenye majivu zipoe polepole. Ponda kiungo kwenye fuawe kwa pigo moja au mawili, toboa katikati yake, ingiza ribiti yenye umbo la kabari iliyokatwa kwenye bati la chuma laini, kisha bana kwa koleo lenye kitundu upande mmoja ili kichwa kijitokeze. Pete ikipasuka kwenye kiungo, ama haikulainishwa vya kutosha au tundu liko pembezoni. Ribiti ikicheza, kabari yako ni nyembamba.

Naizuiaje kutu?

Zamani waliitia kwenye pipa la mchanga na kuliviringisha. Bado inafanya kazi: ndoo yenye mfuniko, mchanga mkavu hadi theluthi, deraya ndani, viringisha dakika 20. Kung'uta, kisha paka mafuta ya cherehani kwa kitambaa. Mafuta ya kupikia yananata na kuvunda. Siki husafisha chuma kitupu, lakini hula zinki. Ukiishi pwani, chumvi ya hewani haina huruma: hifadhi ndani ya mfuko wa kitambaa chenye mafuta, kamwe si plastiki inayofungia unyevu, na ikague kila mwezi, hasa mabegani jasho lilipokaa.

Leo inatumika wapi?

Machinjioni na kwenye mabucha zaidi ya popote. Glavu za wachinjaji ni deraya ya pete hasa, za chuma kisichopata kutu, kila pete imechomelewa. Ulaya zina kiwango chake, EN 1082, na mkanda wa kifundo una rangi ya saizi: nyeupe ndogo, nyekundu ya kati, bluu kubwa. Wapiga mbizi wanaofanya kazi na papa nao wana suti za pete, na Valerie Taylor wa Australia alijaribu moja kwa kuwaacha papa wamng'ate. Jikoni kuna vipande vya kusugulia vikaango vya chuma. Mwaka 2017 JPL, maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilionyesha kitambaa cha vipande vya chuma vilivyoshikana, kilichochapishwa kizima kwa printa ya 3D bila kufumwa.

Glavu ya pete inafaa kwa kila kazi ya bucha?

Hapana. Ni ya kisu cha mkono, na huvaliwa kwenye mkono usioshika kisu. Usiivae karibu na msumeno wa umeme wa kukatia mifupa: jino la msumeno likinasa pete moja, litavuta glavu na mkono pamoja nayo. Chini yake vaa glavu nyembamba ya kitambaa. Mwisho wa zamu ioshe kwa maji moto na sabuni, usitumie dawa ya klorini kwa sababu hutoboa hata chuma kisichopata kutu, na itundike vidole vikiangalia chini ikauke. Kabla ya kuivaa tena, itanue mbele ya taa uangalie pete iliyokosekana. Tundu la pete moja linatosha ncha ya kisu cha kutolea mifupa.